Nyayo za Chokaa

Katika nchi ya Tusisahau hakuna mzazi anayelazimishwa kupeleka mtoto chekechea, na hakuna anayeulizwa kwa nini hakumpeleka. Anakumbushwa tu. Marsela aliyajua hayo siku ileile aliyofika, kabla hajamaliza maji ya kunywa aliyopewa, kwa sababu mkwewe Damasi alimweleza upesi upesi huku ametazama pembeni, kama inavyompasa mwanamume kusema na mama wa mkewe.

"Mama, hapa kwetu ukimwona mtu kakaa na mtoto nyumbani, usimuulize sababu," alisema. "Hutafungwa. Ila haiulizwi."

"Haiulizwi na nani?"

"Na yeyote."

Marsela akamalizia maji yake. Hakuja kujifunza sheria za watu. Alikuja kuona kaburi la binti yake Justa, aliyekufa kwa homa mwishoni mwa mwezi uliopita, na habari ilimfikia mazishi yamekwisha kupita. Alikuja pia kumwona mjukuu wake Sesilia, waliyemwita Sesi, mtoto wa miaka minne, ambaye wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya mlango akimchungulia kwa jicho moja. Justa kabla ya kukata roho aliacha neno moja, na Damasi alilifikisha kama alivyoambiwa: Sesi asikose chekechea. Nia ya Marsela ilikuwa kumchukua mtoto arudi naye. Lakini kwao chekechea hakuna. Kwao mtoto hushinda jikoni mpaka meno ya utoto yang'oke. Kwa hiyo neno lile lilimkaa kifuani kama tonge lisiloshuka.

Kesho yake alfajiri, Damasi akiwa amekwisha kwenda kwenye mashamba ya chumvi anakofanya kazi, Marsela alikuwa amepiga magoti akisali. Akasikia mtu anapumua mlangoni. Alipofungua alimkuta mwanamume mwembamba, peku, viatu kavishika mkononi, na kibao cha kuandikia kwapani.

"Samahani, bibi. Naitwa Kaspari, mnong'onaji wa mtaa huu," alisema kwa sauti ya chini sana. "Nakukumbusha kwamba leo ni siku ya shule. Wazazi tisa kati ya kumi wa mtaa huu wamekwisha kupeleka watoto."

"Wamepita saa ngapi? Mimi niko macho tangu jogoo wa kwanza."

Kaspari akatazama kibao chake. "Ndivyo maneno yalivyoandikwa, bibi."

"Mbona umevua viatu?"

"Tusiwashtue. Mtu akishtuliwa hakumbuki vizuri."

Kisha akafunga kitambaa cha kijivu kwenye komeo la mlango, juu ya vingine vya namna hiyo, akaeleza kwa upole kwamba cha kijivu ni cha mlango uliosahau na cha njano ni cha mlango uliokumbuka. Akaongeza kwamba Sesilia alikuwa hajafika shule hata siku moja tangu mwezi uanze, na siku zilizobaki ni kumi na mbili. Mtoto asiyefikisha siku sita kwa mwezi jina lake hufutwa shuleni, na hawezi kuandikwa tena mpaka atimize miaka saba.

"Amri ya nani hiyo?"

"Si amri, bibi. Ni ukumbusho wa mwisho."

Alipoondoka, Marsela alisimama kizingitini akautazama mtaa. Nyumba zilikuwa kumi na moja. Juu ya kila mlango palichorwa macho mawili meusi, ili mzazi aone anatazamwa. Na kutoka kila mlango zilitoka nyayo ndogo zilizopakwa chokaa ardhini, saizi ya mguu wa mtoto, moja baada ya moja, zikakutana njiani na kushuka bondeni kuelekea shuleni. Zilipendeza. Sesi alikuwa akizirukia, mguu wa kulia kwenye wa kulia, wa kushoto kwenye wa kushoto, akifika mwisho wa ua anarudi. Marsela alihesabu watoto waliopita asubuhi ile. Walikuwa wawili, wote mabegani mwa baba zao.

Nyumba ya jirani ilikuwa ya mwanamke mmoja kijana aitwaye Agripina. Komeo la mlango wake lilikuwa halionekani kwa vitambaa vya kijivu. Kila asubuhi Marsela alimsikia Kaspari pale akinong'ona, "Mama Toma, leo ni siku ya shule," na Agripina akijibu, "Asante, nimesikia." Kisha alikuwa akitoka na ufagio, akafagia ua wake kwa utaratibu, akizizunguka zile nyayo za chokaa bila kuzigusa. Mtoto haonekani. Asubuhi ya kwanza Marsela alivumilia. Asubuhi ya pili alivumilia. Asubuhi ya tatu, akiwa mtu aliyelea wanane na kuzika watatu, akaona si vizuri kunyamaza.

"Mwanangu Agripina," alisema akiegemea uzio, "mimi ni mgeni, nisamehe. Lakini huyo Toma wako mwamshe. Mtoto akizoea kulala mpaka jua linachoma, shule itamshinda. Wenzako tisa kati ya kumi wamekwisha kupeleka wao."

Alishangaa kusikia maneno ya Kaspari yakitoka kinywani mwake, tena bila shida.

Agripina hakuacha kufagia. "Amelala, mama," akasema. "Nimeacha alale."

Jioni ile Marsela alimsimulia Damasi, akitaka wacheke kidogo, maana nyumba haikuwa na kicheko. Damasi alikuwa amekaa nje akiosha chumvi miguuni. Mkono wake ukasimama ndani ya maji.

"Umemwambia hivyo, mama?"

"Nimemwambia. Kuna ubaya?"

"Toma mto ulimchukua, mvua za mwaka jana." Akautoa mkono. "Shuleni jina lake lilikwisha kufutwa, lakini kwenye kibao cha Kaspari bado lipo. Ili lifutwe huko lazima mtu aulize kwa nini haendi shule. Na hairuhusiwi kuuliza."

Marsela aliinuka. Aliingia jikoni, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akafunika uso kwa upande wa kanga yake. Alikaa hivyo mpaka Sesi akaja kumvuta mkono akidai uji.

Kulipokucha alishuka bondeni mwenyewe, akizifuata nyayo. Zilimpeleka kwenye shamba la mihogo, kisha kwenye majani marefu, mpaka ukingoni mwa mto. Hapo zilishuka mpaka zikaingia majini. Aliinua macho akaziona ng'ambo ya pili zikitoka majini na kupanda kilima, nyeupe, zimenyooka, na juu ya kilima palikuwa na shule. Katikati palikuwa na nguzo za daraja zimesimama bila daraja. Boriti moja tu ilikuwa imebaki, imelazwa kutoka nguzo hadi nguzo, na mtu mzima mwenye miguu mizuri angeweza kupita.

Palikuwa na mzee akinywesha mbuzi. Marsela alimsalimu, akamuuliza mbao za daraja ziko wapi. Mzee alicheka bila furaha.

"Umezipita njiani, mama. Si umeona vibao?"

Alikuwa ameviona. Kila njia panda palikuwa na kibao kikubwa, kimechorwa mama anayetabasamu amemshika mtoto mkono, na chini yake pameandikwa: Je, umekumbuka?

"Ni mvule ule," mzee akasema. "Hauozi. Walitafuta mbao nzuri za vibao nchi nzima, wakakuta nzuri zote ziko darajani."

Basi Marsela akarudi, akamfunga Sesi mgongoni, akaenda kwenye Idara ya Kukumbusha. Damasi alikuwa amemwambia kwamba mgeni anayeuliza hapewi adhabu, ni wenyeji tu wasioruhusiwa kuuliza. Yeye hakuwa anakwenda kuuliza. Alikuwa anakwenda na jibu.

Alikuta kikao. Wataalamu kumi na wawili walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu, wakijadili kama mnong'onaji anong'one sikio la kulia au la kushoto. Mmoja alikuwa na ushahidi kwamba wazazi wengi hulalia ubavu wa kushoto, kwa hiyo sikio la kulia ndilo huwa wazi. Mwingine alisema sikio la kushoto liko karibu na moyo. Walijadiliana kwa heshima kubwa, hakuna aliyemkatiza mwenzake, mpaka chakula cha mchana. Baada ya chakula waliingia kwenye neno lenyewe, kama liwe "mpeleke" au "usikose kumpeleka", wakagawanyika sita kwa sita. Sesi alisinzia mgongoni. Karibu na saa kumi mkuu wa idara, Bwana Anatoli, mtu mzima mwenye sura ya huruma, akamwona bibi aliyekaa kwenye benchi.

"Karibu, mama. Umekuja kukumbushwa?"

"Nimekuja kusema, baba. Watoto hawaendi shule kwa sababu hakuna daraja. Mmoja amekwisha kufa. Mbao ziko kwenye vibao vyenu."

Kijana mmoja wa mezani akaanza kuandika, mwenzake akamshika mkono. Bwana Anatoli alivua miwani yake.

"Mama, nisikilize vizuri, maana naona wewe ni mtu wa dini na hukuja kwa ubaya. Zamani tulikuwa tunauliza. Huyu anasema mtoto hana viatu. Yule anasema darasa linavuja. Mwingine anasema mwalimu haji, mwingine mtoto ana njaa. Tukajaa majibu, na pa kuyaweka hatuna. Ndipo wataalamu wakatufundisha kwamba mzazi si mbishi, wala hana shida. Ni msahaulifu. Ukimgusa kidogo tu begani, anakwenda. Tangu hapo kazi yetu imekuwa nyepesi, na watu hawagombani na serikali yao. Wewe sasa unatuletea jibu la swali tusilouliza."

"Na mto, baba?"

"Mto hausahau. Kwa hiyo hauko katika idara hii."

"Na mama Toma? Kila asubuhi mnamkumbusha mtoto aliyemzika."

Bwana Anatoli akarudisha miwani machoni taratibu. Marsela aliona midomo yake ikitikisika, akadhani atasema neno la kibinadamu. "Hilo limenigusa," alisema. "Tutalijadili."

Walilijadili siku tatu. Siku ya nne Marsela aliwaona mafundi wakipita mtaani na misumeno, akawafuata mpaka mtoni, moyo wake umepata nafuu kidogo. Waliishusha ile boriti moja iliyobaki. Waliipasua mbao, wakatengeneza kibao kirefu, wakakisimamisha ukingoni, na mchoraji akaandika kwa herufi nzuri: Wazazi tisa kati ya kumi wamekwisha kuvuka.

Wale baba wawili waliokuwa wakipitisha watoto wao juu ya boriti wakaacha.

Siku zilizobaki zilikuwa sita. Asubuhi iliyofuata Marsela alimfunga Sesi kwa mbeleko juu juu, karibu na shingo, akapiga ishara ya msalaba, akaingia majini. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Maji yalimfika kiunoni, baridi, yakivuta upande mmoja. Alikwenda akipapasa chini kwa kidole gumba kabla ya kuweka wayo.

"Bibi, mama alikuwa anaimba hapa," Sesi akasema sikioni.

Hivyo ndivyo alivyojua kwamba Justa alikuwa akimvusha mtoto mgongoni siku zote, boriti akiiogopa, na kwamba neno lile la mwisho halikuwa la shule peke yake. Lilikuwa pia la mtu anayekabidhi mzigo. Hakujua wimbo alioimba. Akaimba wa kanisani.

Ng'ambo, Mwalimu Eufrasia aliwapokea mlangoni. Darasa lilikuwa na misumari arobaini ya kutundikia mifuko, na mifuko mitatu, ya watoto wa ng'ambo ileile.

"Karibuni. Leo tuko wanne," alisema, akaangalia sketi ya Marsela inayochuruzika. Alifungua kinywa, akakifunga. Akaenda kuleta kanga kavu.

Siku ya kwanza ilipita, na ya pili, mpaka ya tano. Kila jioni Damasi alikuta kitambaa cha njano mlangoni, na kila jioni alimwandalia mkwewe maji ya moto, akayaweka karibu na jikoni, akaondoka bila kusema, macho chini. Jioni ya nne alisema. "Mama, miguu yako imevimba."

"Itapungua."

"Ningemvusha mimi. Lakini nikichelewa kufika chumvini mara moja tu, nafasi yangu anapewa mwingine. Halafu atakula nini?"

"Najua, baba. Mbona sikukuuliza."

Usiku wa siku ya tano mvua ilinyesha milimani. Palipopambazuka, siku ya mwisho ya mwezi, mto ulikuwa wa rangi ya matofali, na ule wayo wa chini kabisa ukingoni ulikuwa umefunikwa. Marsela alisimama chini ya kile kibao kirefu, Sesi mgongoni. Aliweka mguu, maji yakamsukuma, akarudi. Alijaribu palipo juu zaidi, akarudi tena. Akakaa chini kwenye tope. Hakulia, alikuwa akimwomba Mungu amfundishe namna ya kumwambia Justa kwamba imeshindikana.

Akasikia hatua nyuma yake. Alikuwa Agripina, amejifunga kibwebwe, na mkononi ana mbeleko ya bluu iliyokunjwa vizuri.

"Nipe mtoto, mama."

"Mwanangu, maji haya..."

"Nayajua haya maji. Nimeyaangalia kila siku mwaka mzima. Pale penye jiwe yanazunguka, hayavuti." Alikwisha kumtoa Sesi mgongoni mwa Marsela na kumfunga mgongoni mwake. Akalikaza fundo mara mbili. "Wewe nishike mkono. Usiniachie hata nikikuambia uniachie."

Waliingia. Maji yalifika kiunoni, yakafika kifuani. Katikati Agripina alisimama. Alisimama muda mrefu, ametazama mahali fulani kushoto ambapo Marsela hakuona kitu ila povu. Sesi alianza kulia. Marsela aliukaza mkono ule, akasema polepole, "Twende, mama Toma. Huyu yuko hai." Na Agripina akaenda.

Jina la Sesilia lilisomwa siku ile, akaitika mwenyewe. Mwalimu Eufrasia alilirudia mara mbili ili mtoto alisikie vizuri. Wanawake wale wawili walikaa nje ukutani mpaka masomo yalipoisha na maji yalipopungua, wakarudi.

Walipofika mtaani walikuta vitambaa vyote vya kijivu vimeondolewa mlangoni kwa Agripina. Mahali pake palifungwa kimoja, kipya, cha njano. Kaspari alikuwa bado hapo anaandika. Alikuwa amemwona asubuhi akishuka bondeni na mbeleko, na kanuni ilisema mlango ambao mama wake ameshuka na mbeleko umekumbuka.

"Hongera, mama Toma," alinong'ona. "Idara imefurahi. Bwana Anatoli amesema mtaa huu utaandikwa kwenye taarifa, kwamba kile kibao cha mtoni kimefanya kazi."

Agripina alikitazama kile kitambaa. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kwenye pindo. "Kaspari," alisema, "wewe ulimjua Toma. Ulikuwa unampa miwa."

"Nilimjua."

"Basi niulize."

Kaspari akageuka kutazama macho yaliyochorwa juu ya mlango.

"Niulize kwa nini haendi shule. Mara moja tu. Hakuna anayesikia."

"Sina ruhusa, mama Toma," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kunong'ona, ilikuwa imekauka. Kisha akachukua viatu vyake akaenda mlango wa nane.

Agripina alibaki amesimama hapohapo. Marsela alimpeleka Sesi ndani, akamvua nguo zenye maji, akamfunika kanga, akamwambia atulie. Alipotoka alimshika Agripina mkono, akamkalisha kwenye kizingiti, akakaa karibu naye mabega yakigusana. Alikuwa na haya kubwa, haya ya maneno aliyoyasema uzioni. Lakini alikuwa mgeni, na mgeni ndiye peke yake katika nchi ile aliyeweza.

"Mwanangu," alisema, "kwa nini Toma haendi shule?"

Agripina alikamua maji ya pindo lake. Mbele yao zile nyayo zilikuwa zimeng'aa baada ya mvua, ndogondogo, zikitoka mlangoni na kushuka bondeni. Alipoanza kusema alizungumza taratibu, kama mtu anayefungua fundo kwa meno.

"Mimi nilikuwa na homa, nimelala. Kaspari alikuwa hajapita. Nilipozinduka mfuko wake haupo, na uji ameufunika vizuri ili nikute." Akanyoosha kidole kwenye wayo wa kwanza, ule wa mlangoni. "Siku ile aliamka mwenyewe, mama. Hakukumbushwa na mtu."